Lenzi ndefu hapa Mombasa: nilidhani imeharibika, kumbe ni hewa (mpira, ndege, wanyama)

Mdiria_Tudor (mwenye uzi)

Asalaam aleikum waungwana, na wasiosalimiwa hivyo hamjambo.

Mwezi wa pili mwaka jana nilinunua lenzi ya mtumba, zumu ya milimita 150-600. Nilijinyima miezi saba, nikauza lenzi mbili ndogo na baiskeli. Jumapili ya kwanza nikaipeleka uwanja wa vumbi huku Kisauni, mechi ya saa nane mchana. Nikasimama nyuma ya goli moja nikawa napiga yote yanayotokea goli la pili. Picha mia tisa. Kufika nyumbani nazifungua kwenye kompyuta, hakuna hata moja iliyotoka wazi. Nyuso za wachezaji ni kama unazitazama kupitia mvuke wa sufuria ya chai. Jezi zimeyeyuka kingoni.

Usiku huohuo nikampigia aliyeniuzia. Maneno niliyomwambia siyarudii hapa, kuna watoto humu. Akaniacha nikamaliza, kisha akasema, "Yakhe, kesho amka alfajiri, tafuta kitu kilicho karibu, halafu nipigie tena." Nikaona huyu ananikwepa. Lakini nikaamka, nikashuka kando ya hori la Tudor, nikamkuta mdiria ametua kwenye mkoko, mita kumi na mbili hivi. Nikampiga picha thelathini. Unyoya mmoja mmoja unahesabika. Lenzi ileile, mikono ileile. Sikumpigia simu muuzaji, nilimtumia picha tu, naye akajibu kwa kucheka.

Basi tangu siku hiyo nimekuwa nikijifunza jambo ambalo wale jamaa wa kwenye video hawalisemi sana, labda kwa sababu wengi wao hupigia penye baridi. Hewa yetu ni sehemu ya lenzi. Umenunua vioo ishirini, cha ishirini na moja ni hewa iliyo kati yako na unachopiga, na hicho hakina dhamana.

Hewa ya moto na hewa ya baridi hazipindishi mwanga sawasawa. Ardhi ikishapata jua, hewa inayoigusa hupanda ikijikunjakunja, na mwanga unaotoka kwa mchezaji mpaka kwako unapita humo ukiyumba. Kwa macho matupu huoni sana. Lenzi ya 600 inamkuza mchezaji na inakuza kuyumba kwa mwanga pia. Ni mazigazi yaleyale unayoyaona kwenye lami ya barabara ya Malindi mchana, ukadhani maji yamemwagika mbele ya gari. Kuongeza kasi ya shata (lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga) hakusaidii. Kubana tundu la lenzi hakusaidii. Kununua lenzi ya bei kubwa zaidi hakusaidii, wala programu ya kunoa picha haisaidii, itanoa ule mvuke.

Namna ya kujua kama ni hewa au ni lenzi: elekeza mlingoti wa goli la mbali, kamera ikiwa imetulia juu ya kitu, piga picha kumi mfululizo. Kisha zitazame moja moja. Kama mlingoti umepinda hapa kwenye picha ya kwanza na umepinda pale kwenye ya pili, hiyo ni hewa. Kama zote kumi zina kasoro moja isiyobadilika, basi mtazame fundi, au kwanza ondoa ile filta ya bei poa uliyoiweka mbele. Mie nilikuwa nayo. Lenzi hizi nyingi huchukua filta ya milimita 95, na kioo duni cha ukubwa huo kwenye 600 kinaharibu kuliko vumbi lote la Kisauni.

Dawa ni mbili tu, muda na ukaribu. Muda kila mtu anaujua: kabla ya saa tatu asubuhi, na baada ya saa kumi jioni. Ukaribu ndio watu hawaupendi, kwa sababu wamenunua lenzi ndefu ili wasitembee.

Kuna hesabu moja nimeiandika nyuma ya kava la kamera. Kwa kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), chukua 36, gawa kwa urefu wa lenzi, zidisha kwa umbali wa mita. Jibu ni upana wa kile kitakachoingia kwenye fremu. Lenzi ya 600, mchezaji yuko mita 100: fremu ina upana wa mita 6. Unaona? Kwa hesabu anatosha kabisa. Kwa hiyo unajidanganya, unapiga, na kati yenu kuna mita mia za hewa inayochemka. Lenzi ya 200, mchezaji yuko mita 33: fremu ni ileile ya mita 6, hewa ni thuluthi. Kwa kamera ya sensa ndogo weka 23 mahali pa 36.

Siku hizi nakaa karibu na kibendera cha kona, upande ambao timu inashambulia, na naacha goli la pili liende zake. Nimekubali kukosa nusu ya mabao. Nakalia mbuzi ya kukunia nazi, meno nimeyang'oa, mama bado ananidai. Ukikaa chini wachezaji wanaonekana warefu na nyuma yao pako safi, hapana zile suruali za watazamaji. Ubaya wa kukaa chini ni kwamba hewa mbovu zaidi iko karibu na ardhi, kwa hiyo ni kwa mchezo wa karibu tu. Wa mbali, panda jukwaani.

Mipangilio yangu, kwa wanaopenda namba: shata kwa mpira 1/1000 ya sekunde au haraka zaidi, ndege anayeruka 1/2500, ndege aliyetua hata 1/500 kama mikono imetulia. Tundu naliacha wazi kabisa. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naiachia kamera ijipangie. Fokasi iwe ya kufuatilia, AF-C, wenye Canon kwao ni Servo. Na kitu kimoja ambacho ndicho sababu ya kununua zumu badala ya lenzi isiyobadilika: anza ukiwa 150, mtafute ndege, mweke katikati, ndipo uvute hadi 600. Ukianza na 600 utatazama mbingu tupu mpaka ndege afike Pemba.

Maswali karibuni. Wenye kujua zaidi yangu, nirekebisheni.

---

Bi_Kizingo

Aleikum salaam. Kaka, umesema vizuri kuhusu hewa, ila kuhusu mpira nakupinga.

Mie napiga michezo ya shule na raga, mwaka wa tisa sasa. 150-600 kwa mpira wa jioni ni mzigo. Ikifika 600 tundu lake ni f/6.3 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Yangu ni 70-200 ya f/2.8. Mwanga unaoingia kwangu ni mara tano ya unaoingia kwako. Sisi huku hatuna jioni ndefu, jua likishuka ni kama mtu amezima taa. Saa kumi na moja na nusu wewe umeshafika ISO 6400 na nyuso zimejaa chengachenga, mie bado niko 1250. Na fainali za shule, nani asiyejua, huanza saa tisa kwenye karatasi na saa kumi na moja uwanjani.

Ushauri wangu kwa anayetaka michezo pekee: 70-200 ya f/2.8, hata ya toleo la zamani, halafu utembee kwa miguu. Anayetaka ndege ndiye anunue hiyo ndefu.

Na mechi za usiku chini ya taa, kuna jambo la kuangalia. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kila sekunde. Ukipiga 1/1000 picha moja inatoka njano, inayofuata kijani, inayofuata ina kivuli nusu. Kamera nyingi mpya zina mpangilio wa kuzuia hilo, tafuteni kwenye menyu kabla hamjamlaumu mwenye uwanja.

---

Mdiria_Tudor

Dada, nakubali nusu. Jioni umenishinda, sina la kusema. Lakini Jumamosi asubuhi mechi za watoto mie nashinda, maana ile 150 napiga kona na ile 400 napiga beki aliye katikati bila kuinuka kwenye mbuzi.

---

Bi_Kizingo

Huo uvivu ndio nilikuwa nausema.

---

Dogo_Changamwe

Wakubwa shikamooni. Mimi nina kamera ya kuanzia na lenzi ya 55-250, zawadi ya mjomba. Nataka ndege na pia timu yetu ya mtaa. Niweke pesa nisubiri 150-600 au kuna kitu naweza kufanya sasa?

---

Mdiria_Tudor

Marahaba. Usiiuze hiyo. Kama kamera ni Canon ya sensa ndogo, 250 yako inaona kama 400 ya sensa kubwa. Mdiria niliyempiga asubuhi ile alikuwa mita 12, nawe ukikaa kimya dakika arobaini kando ya mikoko atakuja mita 8. Tatizo la lenzi hizo si urefu, ni fokasi kuwa na subira kidogo. Piga wa kutua kwanza, wa kuruka baadaye.

Tena anza na yangeyange. Ni mweupe, ni mkubwa, hana haraka na amejaa tele. Ukimpiga yeye utajifunza na mwanga: mweupe wote huungua kwenye jua letu, inabidi upunguze mwanga kidogo, moja ya tatu au mbili ya tatu chini ya sifuri, ili manyoya yasiwe karatasi tupu.

Kunguru nao ni shule nzuri. Mombasa hawakosekani, na kumfuatilia kunguru anayeiba samaki kwenye barabara ya Mama Ngina ni mazoezi makali kuliko winga yeyote.

---

Shahidi_wa_Nyika

Hebu nami mzee niseme. Mnakumbuka mbio za nyika za dunia, tarehe 24 Machi 2007, hapa kwetu kwenye uwanja wa gofu? Nilikuwa pale na kamera ya filamu na lenzi ya 300 niliyoazima. Joto na unyevu wa siku ile usiombe. Kenenisa Bekele, mtu aliyekuwa hajui kushindwa katika mbio hizo, akajitoa njiani. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda.

Rola nne. Picha zote nilizopiga kule mbali, kundi likija kwenye uwazi, zimekaa kama ndoto. Miaka yote nikajilaumu kwamba mikono ilitetemeka kwa shangwe. Leo nasoma uzi huu ndiyo naelewa. Zilizofaulu ni tatu, nilizopiga kwenye mzingo, wakimbiaji wakinijia usoni, mita ishirini tu. Na hapo hasa nilikwenda kutafuta kivuli.

Vijana, mkipiga mbio, mwende kwenye mzingo. Pale mkimbiaji hupunguza mwendo, hugeuza uso, na huinama upande. Kwenye mstari ulionyooka utapata visogo.

---

Mdiria_Tudor

Mzee wangu, hizo tatu zitafutie mtu azikopi, tuzione humu.

---

Kaka_Bara

Niko Nairobi lakini nakuja Mombasa kikazi kila mwezi. Nikitoka hotelini asubuhi, lenzi inajaa ukungu hadi saa moja nzima sipigi kitu. Na rafiki yangu wa hapo lenzi yake imeota fangasi ndani. Si mngeziweka tu kwenye mchele kama simu ikiloa?

---

Fundi_Makadara

Mchele hapana. Naomba tumalizane na huu mchele leo.

Nafungua lenzi, ndiyo kazi yangu. Mchele haunyonyi unyevu wa maana, unachokupa ni unga mweupe unaoingia kwenye pete ya zumu. Nimeutoa unga huo kwa brashi mara nyingi, nalipwa lakini sifurahi.

Fangasi hupenda penye unyevu, giza na utulivu. Unyevu ukizidi asilimia 60 hivi kwa muda mrefu, wanaanza. Sasa wewe unaishi Mombasa, unyevu ni nadra kushuka hapo, umeweka lenzi kwenye begi lake la kitambaa, begi kabatini, kabati ukutani, miezi mitatu hujaligusa. Umewajengea nyumba. Ukimulika kurunzi kutoka nyuma utaona nyuzi kama utando wa buibui, huanzia ukingoni mwa kioo. Ukiwaona mapema tunawasafisha. Wakikaa, wanakula ile rangi ya juu ya kioo, alama haitoki tena.

Fanya hivi. Nunua kontena la plastiki la kuwekea chakula, lenye mfuniko wa kubana na mpira. Weka silika jeli, nusu kilo, zile punje za kunyonya unyevu zinazobadilika rangi. Weka na kipimo kidogo cha unyevu. Kikisoma 40 hadi 50, uko salama. Usikaushe kupita kiasi, ukishuka sana mafuta na mipira ya ndani hainufaiki. Punje zikibadilika rangi, zikaange kwenye kikaango moto mdogo mpaka zirudi, usizichome. Na lenzi itumie. Jua na kutembezwa ni dawa.

Hizi za 150-600 nyingi zinarefuka ukivuta zumu. Kila ukivuta zinavuta hewa, kila ukirudisha zinaitoa. Ni pampu. Ukivuta zumu ufukweni kusi likipuliza, umemeza chumvi. Ukitoka baharini, pangusa mwili wa lenzi kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa cha maji matamu, kisha kikavu, ndipo uirudishe ndani. Zipo zisizorefuka, Sony 200-600 na Nikon Z 180-600 zinabaki urefu uleule, na kwa Pwani mie naona hilo lina thamani kuliko milimita mia za ziada.

Ukungu wa asubuhi ni jambo jingine kabisa. Chumba kina kiyoyozi, kioo kimepoa, ukitoka tu unyevu unakimbilia kwenye kioo kama kwenye chupa ya soda. Usiku iweke lenzi kwenye begi lililofungwa, begi uliweke bafuni au roshani pasipofika kiyoyozi. Ukisahau, toka nalo likiwa limefungwa, ulifungue baada ya nusu saa au zaidi kidogo. Usipanguse pangusa. Na usibadilishe lenzi hapo, utaupeleka ukungu kwenye sensa.

Kabla hujanunua ya mtumba: kurunzi, nyuma mpaka mbele. Zungusha zumu ukisikiliza mchanga. Ielekeze chini uone kama inateleza yenyewe. Kuteleza si ugonjwa mkubwa, kuna kifungo cha kuifunga, lakini ni cha kupunguzia bei.

---

Kaka_Bara

Fundi, heshima yako. Kumbe nilikuwa nalala na tatizo kitanda kimoja.

---

Ngalawa_Mida

Naona mnazungumza mwanga na joto, hakuna aliyetaja maji. Ndege wa Pwani hawafuati saa ya ukutani.

Pale Mida, kilomita mia moja hivi kaskazini ya Mombasa, upande wa Watamu, maji yakitoka ndege wanatawanyika kwenye tope kilomita nzima. Hata uje na 800 utapiga nukta. Maji yakijaa yanawasukuma, wanarudi nyuma, wanarudi nyuma, mpaka wanajikusanya kwenye kipande kimoja cha mchanga mbele yako. Huhitaji kuwafuata. Keti tu, mbele ya maji. Kuna daraja la kuning'inia kati ya mikoko na kibanda cha kutazamia mwishoni, hapo unaegemeza lenzi kwenye ubao.

Sasa sikilizeni hesabu ya wavuvi. Bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, hapa kwetu maji hujaa kama saa kumi, jioni na usiku. Kwa hiyo kuanzia saa nane na nusu mchana maji yanapanda, ndege wanakuja, na kufika saa kumi mwanga nao umelainika. Vitu vitatu vimekutana. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, jioni ile utakuta yametoka na wala hayaendi mbali sana wala kuja karibu sana. Msije maji mafu mkasema Mida hakuna kitu.

Msimu ni kuanzia mwezi wa nane au wa tisa, wageni wa kaskazini wakianza kushuka, mpaka wa nne. Mtafuteni yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, Waingereza humwita crab plover. Huzaa kwenye mashimo ya mchanga kule pwani za Uarabuni, kisha huja kukaa kwetu. Akimkamata kaa humpiga chini na kumtikisa mpaka miguu inatoka, hapo ndipo weka 1/2000 usitoe kidole.

---

Mdiria_Tudor

Huyu ndiye niliyekuwa namsubiri kwenye uzi huu. Mwaka mzima nimekwenda Mida mara tatu, mara mbili maji mafu.

---

Dogo_Changamwe

Na ile swichi ya kutuliza mtikisiko, iwe imewashwa au imezimwa? Kila mtu ananiambia lake.

---

Bi_Kizingo

Iwashe. Kazi yake ni kutuliza mikono yako, haimtulizi mchezaji. Ukimfuata mtu anayepita mbele yako kwa kamera, mfano mwendesha baiskeli kwa 1/60 ili nyuma yake pawe mistari, weka namba 2 kama lenzi inayo, itatuliza juu na chini tu. Kwenye tripodi, lenzi za zamani izime. Zaidi ya hapo ni porojo za vijiweni.

Mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, mbele, kiwiko kimegusa mbavu. Wengi mnashika kamera kama sinia la biriani.

---

Mdiria_Tudor

Nami niongeze tahadhari moja kwa dogo na wageni. Lenzi hizi kwa mbali hazifanani na kitu cha amani. Usiielekeze kivukoni Likoni, bandarini Kilindini wala upande wa wanamaji Mtongwe, hata kama furukombe ametua juu ya kreni. Mie niliwahi kuketishwa saa mbili nikieleza mdiria ni nani. Mtaani pia, salimia kwanza, onyesha picha, watoto watakuonyesha kiota ambacho usingekiona.

Anayetaka wanyama bila safari ndefu, Haller Park pale Bamburi inatosha kuanzia. Palikuwa machimbo ya simenti, jiwe tupu, René Haller akaanza kupanda mivinje mwaka 1971. Twiga wanakuja karibu hata 150 inakuwa ndefu mno. Humo pia utajifunza kivuli: chini ya miti kuna vijua vidogovidogo vinavyomchanganya kamera, pima mwanga wa uso wa mnyama peke yake.

Palahala ni Shimba Hills, Kenya nzima hakuna kwingine. Huko kuna ukungu asubuhi, hewa ni baridi, lenzi inafurahi.

---

Kaka_Bara

Na Tsavo je? Tunataka kwenda wikendi ijayo, watu wanne, gari moja. Monopodi au tripodi?

---

Mdiria_Tudor

Ndani ya gari zote mbili zitakugombanisha na wenzako. Shona mfuko wa kitambaa kizito wenye zipu, ujaze mchele kilo mbili, uulaze kwenye dirisha, lenzi juu yake. (Fundi, hapa mchele ruhusa?) Safiri na mfuko mtupu, jaza mkifika. Dereva azime injini kila mkisimama, mtetemo mmoja, joto la boneti la pili. Msipige kupitia kioo kilichofungwa. Na kiyoyozi kikiwaka huku dirisha limefunguliwa, ile hewa baridi inayotoka kukutana na ya moto inawatengenezea mazigazi yenu binafsi, hapohapo mbele ya lenzi. Hilo lilinigharimu chui mzima.

Ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa udongo. Kamera ikijipangia rangi yenyewe mara nyingine huwaosha, wakatoka kijivu. Iweke kwenye alama ya jua. Saa nne hadi saa tisa laleni, au pigeni wale walio chini ya mita thelathini.

---

Fundi_Makadara

Ruhusa. Lakini zipu iwe nzima.

---

Kaka_Bara

Nimerudi, siku kumi baadaye. Ripoti ya Tsavo ndiyo hii.

Tuliingia kupitia lango la Buchuma alfajiri. Saa moja na robo, ndovu sita kando ya barabara, mita 25, nikapiga kwa 300, mchele chini, injini imezimwa. Kope zinahesabika. Kundi hilohilo saa saba mchana, ng'ambo ya mto, mita kama 200, kwa 600. Nikafanya ule mtihani wa picha kumi: mkonga umepinda mara kumi, kila mara kivyake. Nikafunga kamera nikala embe.

Mchele tuliupika Jumapili usiku Voi, maana duka lilikuwa limefungwa. Ulikuwa na mchanga, na zipu haikuwa nzima.